Nakala ya Mikono ya Mama

6 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Najua ungeniamkia kama simu yako ingekuwa inapatikana, kwa hiyo nimeipokea shikamoo yako mapema isije ikapotea njiani. Huu ni mwezi wa nne yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia nijaribu tena baadaye. Nimejaribu mpaka nimemchoka. Sasa naandika kwa kalamu, kwa lile sanduku la posta ulilotuachia. Ukiucheka mwandiko wangu, kumbuka mchapaji akishika kalamu ni kama dereva aliyeambiwa atembee kwa miguu.

Hapa hatujambo. Kazi za kuchapa zipo, kidogo kidogo. Kuna barua za kuomba kazi, kuna mitihani ya shule, na yule mwanasheria wa ghorofa ya chini bado anaandika kitabu cha maisha yake. Tumefika ukurasa wa tisini na hajaanza hata darasa la kwanza. Bati la jikoni linavuja palepale. Mama hajambo. Mkono wake wa kulia umechoka kidogo tangu mwaka uanze, daktari ameshauona na anasema tuupe muda. Usihangaike.

Sasa nikwambie kilichonikalisha mezani. Unajua kwamba kwa miaka miwili nilikuwa namrekodi Mama kila Jumapili, kwa ile kamera ndogo ya juu ya kompyuta. Wewe huhitaji kuelezwa kwa nini. Mama hakuzaliwa akisikia, hakupelekwa shule, hajui kuandika hata jina lake. Ishara zake alizitunga mwenyewe, jikoni na kwenye kamba ya nguo, na duniani kote zilijulikana na watu wanne. Baba akatutoka, tukabaki watatu. Siku ile nilipomwomba akae mbele ya kamera nilidhani atakataa. Akanitazama, akaitazama kompyuta, kisha akaiweka mikono yake yote miwili mapajani ikatulia. Mgeni angesema amegoma. Mimi nilijua nimepata ndiyo ya nyumba yetu, nikawasha kamera kabla hajabadili mawazo.

Nina video mia nne na kumi na mbili. Ya kwanza ni chai. Mbele huko kuna maumivu, kuna hofu, kuna siku Baba alipomwona mara ya kwanza na kummwagia maji ya kufulia kwa bahati mbaya. Na jina lako lipo: kiganja cha kushoto wazi, kidole cha kulia kinazunguka katikati yake, kama ulivyozungusha bisibisi kwenye redio ya Baba mpaka ikanyamaza moja kwa moja.

Kompyuta imezeeka. Inanguruma, inachemka, inajizima. Nataka kifaa kimoja cha kuwekea nakala ya akiba, kiwe rahisi, cha mtu wa kawaida. Yule fundi mwenye miwani wa karibu na posta ameniambia ninunue flashi mbili za kawaida dukani, kwa risiti, moja nikae nayo na nyingine nimpe jirani anitunzie. Nikamwambia ahsante, lakini mimi nina fundi wangu, wa tumbo moja, yuko kampuni ya kompyuta. Basi niambie. Flashi au diski? Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, tena pokea mbili, ya leo na ya miezi yote niliyonyamaza. Mimi mzima wa afya, kazi tu ndiyo inayonitoa jasho. Simu yangu iliniponyoka nikiingia kwenye lifti, ikapita kwenye ule ufa wa mlangoni ikaenda mpaka chini. Sisi tuko ghorofa ya nne. Nilisikia ikifika. Na hapa meneja hapendi kuona watu na simu, kwa hiyo sijahangaika kutafuta nyingine. Samahani pia kwa karatasi hii, ofisini wameishiwa.

Nimefurahi kusikia Mama hajambo. Mwambie autulize huo mkono, aache kufua mashuka. Na unamwambiaje kuhusu mimi? Mwambie ninakula vizuri. Mwambie kiti changu kinazunguka.

Kuhusu kifaa, umefanya vizuri sana kuniuliza. Huyo mwenye miwani achana naye. Watu wa vibanda vya mtaani watakuuzia chochote kinachong'aa. Flashi mbili ndogo za nini? Unataka kitu kimoja kikubwa, cha maana, uweke kila kitu humo na ulale usingizi. Usinunue chochote. Mimi mwenyewe nitaingia stoo nikuchagulie. Nipe wiki mbili.

Nilisoma pale uliposema jina langu limo kwenye video nikaweka barua chini kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba nina jina jingine.

Fundi


25 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba zote mbili. Wiki mbili zako zimefika tatu na ushee, mimi sisemi kitu, nahesabu tu.

Ofisi ya kompyuta, ghorofa ya nne, kiti kinazunguka, na barua umeandika nyuma ya kasha la chaja. Nimeiona picha ya chaja. Ni chaja nzuri.

Hapa tunaendelea. Mwanasheria amefika darasa la pili. Mama anakusalimu. Mkono uko vilevile. Siku hizi saa tisa alasiri anapenda kukaa mbele ya kompyuta kujitazama, na mimi naacha kazi za watu nampisha. Nimembandikia kipande cha karatasi nyekundu kwenye kitufe cha kusogeza ili ajisogezee video mwenyewe. Amekishika upesi. Ungemwona ungecheka, utadhani ndiye mchapaji wa nyumba hii.

Lakini wiki hii kompyuta imejizima mara mbili naye akiwa amekaa hapo. Mara ya pili ilichukua saa nzima kuwaka. Alinishika nguo akawa haniachii. Fundi, sikuharakishi kwa mchezo. Kama stoo yenu ina foleni, sema, nirudi kwa mwenye miwani. Hilo tu.

Dada


14 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Kifurushi hiki ndicho hicho. Ni diski ya nje, na nimekuchagulia kubwa kuliko zote zilizokuwepo. Nilizishika moja moja kiganjani nikachukua iliyo nzito. Vyepesi ni vya kuchezea.

Matumizi yake hayahitaji elimu. Chomeka waya, ngoja ijitokeze kwenye kioo, chukua folda nzima ya Mama uinakili humo. Itachukua muda, usiiguse. Ukimaliza futa video kwenye kompyuta, maana hizo ndizo zinazoichosha. Halafu weka ile sidii ya mfumo uliyopewa siku ya kuinunua, uiache kompyuta ijisafishe upya yote. Itapumua. Utanishukuru.

Najua nimechelewa. Nilitaka kiwe kitu cha kujivunia.

Fundi


2 Mei

Fundi wangu,

Marahaba, na ahsante. Kifurushi kilifika Jumatatu kikiwa kimefungwa kwa gundi ya karatasi mpaka nikatumia kisu. Kweli ni kizito. Mama alikipima kiganjani akainua nyusi. Nikamwambia kimetoka kwako akakishika muda mrefu, nikalazimika kumbembeleza anirudishie.

Nimenakili kwa siku mbili. Majina yote yametokea humo, mia nne na kumi na mbili, nimeyahesabu kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nikafungua tano za mwanzo, chai mpaka sufuria, zinacheza bila tatizo. Nilikaa pale nikajisikia mwepesi. Miezi mitatu nilikuwa sijajisikia hivyo.

Ila sijafuta, Fundi. Nimeweka kidole kwenye kitufe nikakitoa. Nilimweleza mwenye miwani akasema nakala ikiwa moja tu haijawa nakala, imehama nyumba. Nami nikakumbuka ulivyosema yeye ni wa kibandani, nikaondoka. Lakini neno lake limenikaa. Na kompyuta nayo haiwezi kungoja, jana imejizima tena na inanuka kama pasi iliyosahaulika.

Basi nakuuliza waziwazi: nifute au nisifute? Nitangoja jibu lako mpaka mwezi huu uishe. Ukisema nisifute, sitafuta, nitahangaika vingine.

Dada


9 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo, ya kusema tu.

Mwezi wa tano uliisha. Nilikwenda posta mara sita, mara ya sita yule karani alitikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nikarudi nyumbani nikajiuliza, kama Fundi angekuwa na la kukataza si angeinua mkono? Sisi tumelelewa hivyo. Ukimuuliza Mama jambo akalikataa, mikono inapaa hapohapo. Ikitulia, ameridhia. Miaka yote ya kuishi na mama yule, sijui kusoma ukimya kwa namna nyingine. Nikasema ametulia, amekubali. Tarehe mosi asubuhi nilifuta. Kisha nikaweka ile sidii, ikasafisha kila kitu, kama ulivyoelekeza.

Saa tisa nikachomeka diski, nikamkalisha Mama. Chai ikacheza. Chumvi ikacheza. Ziko kumi na moja zinazocheza. Kuanzia ya kumi na mbili kuna jina na kuna giza. Nimefungua zote mia nne na moja, Fundi, moja baada ya nyingine, kwa sababu niliona ni kukosa heshima kuruka hata moja.

Nilimpelekea mwenye miwani diski na kompyuta. Hakunisema. Alizitafuta kwenye kompyuta siku tatu, akapata vipande vya picha: kiwiko, nusu ya kitambaa cha kichwa, ukuta wetu. Kisha akaifungua diski mbele yangu kwa bisibisi ndogo. Ndani hakuna diski. Kuna kikadi kidogo kama ukucha, kinachoandika majina yote lakini video kinabeba chache tu, na nati mbili za chuma zimebandikwa kwa gundi ili iwe nzito. Akaniuliza nilinunua wapi. Nikamwambia imeletwa na mtu.

Sasa nikueleze nilichokuficha, maana hakuna tena sababu ya kuficha. Mkono wa Mama haujachoka. Umekufa. Alipigwa na kiharusi wiki ya pili ya Januari, akiwa amesimama kwenye sinki. Wa kulia wote, na mguu kidogo. Wa kushoto upo lakini haukuwahi kufundishwa, unatetemeka, na unajua mwenyewe maneno yake mengi yanataka mikono miwili. Tangu siku hiyo alikuwa anazungumza kwa video zile. Anabonyeza kile kitufe chekundu, anatafuta, akifika anaonyesha kwa kidole: hapa. Naumwa hapa. Niogeshe. Naogopa. Niitie fulani. Ile saa tisa niliyokuandikia haikuwa kujitazama. Ilikuwa ndiyo saa yake ya kuongea.

Siku ya kwanza ya kurekodi tulianza na vitu vya jikoni kwa sababu alikuwa anaona ni mchezo. Kwa hiyo maneno aliyobakiwa nayo Mama duniani ni haya: chai, chumvi, kijiko, moto, sufuria, maji, mlango, kiatu, ufagio, mvua, sabuni. Juzi alikuwa na maumivu mahali, sijui wapi. Alinionyesha sufuria. Nikaleta sufuria. Akalia.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa utaacha kazi uje. Niliona ni heri mmoja wetu awe amefika mahali.

Nijibu. Safari hii usitulie.

Dada


4 Julai

Dada,

Shikamoo. Sijui kama bado ninastahili kuitikiwa.

Barua hii ni ya kwanza isiyo na uongo, kwa hiyo itakuwa fupi. Sina ofisi. Ile kampuni ilikuwepo, nilikuwa mbeba makasha stoo, ikafungwa mwezi wa kumi mwaka jana. Simu haikuanguka kwenye lifti, niliiuza. Nina meza. Iko chini ya ngazi za jengo, upande wa mlango wa choo cha kulipia, na juu yake kuna chaja, spika za masikioni, flashi na diski. Sanduku la posta ni la mlinzi wa jengo. Mzigo ananiletea mzee mmoja mwenye begi, naye hajui kinachouzwa humo zaidi ya nilivyokuwa nikijua mimi.

Diski yako niliitoa mezani kwangu. Niliposema nimechagua iliyo nzito, hilo nilisema kweli. Nilizipima zote kiganjani. Nilitaka ujue kwamba mdogo wako anaweza kukutumia kitu kikubwa.

Tarehe sita Mei alikuja dada mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, aliyekuwa amenunua kwangu diski kama yako. Kazi yake ya miaka mitatu ilikuwa humo, majina yote yapo, ndani giza. Nikamwambia alichomoa waya vibaya. Aliiweka juu ya meza akaondoka, hakutaka hata kubishana. Alipopotea nikachukua nyingine kwenye begi nikaifungua. Nikaona nati.

Barua yako ya kuuliza nilikabidhiwa tarehe kumi. Nilikuwa nimeshajua kwa siku nne. Nilikuwa na siku ishirini za kukujibu, na neno lilikuwa moja tu: usifute. Herufi saba. Nilianza barua mara tano. Kila nikiandika usifute naona utauliza kwa nini, na nikijibu kwa nini, basi kiti kinachozunguka kimekwisha, ghorofa ya nne imekwisha, na Mama ataambiwa niko chini ya ngazi mlangoni mwa choo. Nikachana. Nikajiambia Dada ni mwangalifu, hawezi kufuta bila jibu langu. Nikajiambia ni video tu, za kumbukumbu, na Mama mwenyewe yupo, mtarekodi tena. Kuhusu mkono sikujua. Hilo silitoi kama kinga, nakueleza tu jinsi mtu anavyojidanganya.

Nilisahau mimi ni mtoto wa nyumba gani. Nilisahau kwamba kwetu mtu akinyamaza amesema.

Nimekusanya kila kilichokuwa kwenye begi nikakiponda kwa jiwe nyuma ya jengo. Haisaidii kitu, najua. Meza bado ninayo, nauza chaja. Nikija, nitaingiaje? Nitamtazama usoni nikiwa na uso gani? Niandikie la kufanya. Nikisema nitatuma kifaa kingine utanicheka, na utakuwa na haki.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Bado naitikia, kwa sababu sikujua kuacha kunaanzia wapi.

Nilitaka nikuandikie siku ileile nikiwa na hasira, lakini hasira ilikwisha nikiwa bado natafuta kalamu. Kilichobaki ni uchovu. Wewe ulificha meza, mimi nilificha mkono. Ningekwambia Januari kwamba Mama ameanguka, ungeandika ile barua ya herufi saba. Ungekwenda kuipeleka posta mbio. Mimi nililinda kazi yako, na kazi yenyewe haikuwepo. Hilo ndilo linalonikalisha kitako. Sina wa kumrushia jiwe ambalo halitapita kwanza kwangu.

Nimejaribu kurekodi upya. Nilikaa mimi mbele ya kamera, nikaanza kufanya ishara zake kwa mikono yangu, na pembeni orodha ya yale majina. Nilifika mia moja na sitini. Hapo nikakwama. Hofu, kwa mfano. Najua inaanzia shingoni, lakini inashukaje, na vidole vinafungwa au vinabaki wazi? Miaka arobaini nimeliona neno hilo, nililiona bila kulitazama. Nilimwonyesha Mama nilichokwisha kurekodi. Alitazama video tatu, akatazama mikono yangu, akageuza uso. Nadhani ni kama mtu akusemee mdomoni mwako kwa sauti yake. Sijamwonyesha tena.

Mwenye miwani alikuja Jumamosi bila kuitwa. Alileta flashi mbili, ndogo, za kawaida, na risiti yake ameikunja ndani. Tukaweka humo zile kumi na moja. Moja iko kabatini, moja iko kwa mwanasheria wa chini. Kwa hiyo chai na chumvi ziko salama kabisa, mdogo wangu. Hata nyumba ikiungua, sufuria haitapotea.

Sasa nisikilize, nikueleze la juzi Jumanne, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike.

Saa tisa nilimkalisha kama kawaida. Hakubonyeza kitu. Alinyoosha mkono wa kushoto akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, akaanza kukunjua vidole vyangu kimoja kimoja mpaka kiganja kikawa wazi. Nilidhani ananitafuta kidonda. Kisha akasimamisha kidole chake katikati ya kiganja changu, kinatetemeka, na akakizungusha. Kilitoka nje, akakirudisha. Akazungusha tena. Alikosa mkono wa kulia akaazima wangu uwe wake.

Ni wewe. Kwa miezi saba hakuwa na njia ya kulitaja jina lako pasipo kompyuta, na sasa kwa kuwa kompyuta haina kitu, amelitengeneza upya mwenyewe.

Akainua nyusi, vile anavyoinua akiuliza, akatupa macho mlangoni, akanirudia mimi. Swali lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Anakuja?

Nifanye nini, Fundi? Nilitaka kusema hapana, nikaona nitainua mikono yangu mbele ya mtu asiyeweza kuinua yake. Nilitaka kusema sijui, na ile ishara ya sijui nimeisahau, ilikuwa namba mia tatu na kitu. Machozi yakanitoka, nguvu zikaniishia, na mikono yangu ikaanguka.

Ilianguka mapajani. Ikatulia.

Niliona uso wake unabadilika nikajua nimefanya nini, lakini nilikuwa nimechelewa. Alinipiga kofi dogo begani, lile lake la furaha. Akanionyesha kwa kidole kwamba nimsogezee kiti, nikamsogezea, akaashiria bado, nikasogeza tena, mpaka akawa ameupa ukuta mgongo na ameelekea mlangoni. Tangu Jumanne hakai kwingine. Chakula anakula hapohapo. Mtikisiko wa mtu kwenye ngazi anauhisi kwenye sakafu, ananyoosha shingo. Mwanasheria amepanda mara mbili kuleta kurasa zake, na mara zote mbili nimemwona Mama akivunjika kisha akijiunga upya.

Na kila baada ya muda ananiita, ananionyesha video namba saba. Anaicheza, anaicheza tena. Ni mlango.

Usinitumie kifaa. Usiniandikie barua. Sijui utakuja na uso gani, njoo na huohuo. Sitamwambia kuhusu ngazi wala kuhusu choo, siwezi hata nikitaka, hayo maneno hatuna tena.

Nimeacha mlango bila komeo.

Dada yako